"Corel imekataa": namna ya kuomba msaada wa programu za usanifu ukapata jibu usiku huohuo

Simu huanza Alhamisi jioni. Huku kwetu mazishi mengi ni Ijumaa au Jumamosi, na kijitabu cha marehemu hakiwezi kungoja Jumatatu. Saa moja au saa mbili usiku simu inalia, kijana yuko Luanda ya Vihiga au Siaya: "Mwalimu, Corel imekataa." Imekataa nini? "Imekataa tu."

Nimekaa kwenye meza ya usanifu hapa Kisumu miaka mingi. Nimepigiwa kutoka Kakamega, Busia na hata Nakuru, na mimi pia nimewakosesha wenzangu usingizi. Msaada ukichelewa, mara nyingi sababu ni moja: unayemwomba haioni skrini yako, nawe hujamwonyesha. Nitaeleza jinsi ya kumwonyesha, uwe unatumia CorelDRAW, InDesign, Illustrator, Photoshop, Publisher, au zile za bure kama Scribus, Inkscape na GIMP.

Kabla ya kumpigia mtu: kilichokataa ni kipi?

Hifadhi nakala ya kazi kwa jina jipya kwanza. Majaribio yote yafanyie kwenye nakala hiyo, ile ya awali usiiguse tena.

Sasa tafuta tatizo liko wapi. Linaweza kuwa kwenye faili, kwenye programu yenyewe, kwenye fonti au picha, kwenye kompyuta, au kwenye printa, na kila mahali pana fundi wake. Fungua ukurasa mpya mtupu, andika neno moja, kisha fanya lile lililokataa. Kama lilikuwa kutoa PDF, toa PDF ya neno hilo moja. Ikitoka, programu ni nzima na ugonjwa uko kwenye faili yako. Isipotoka, faili haina kosa, usipoteze saa nzima ukiipekua. Kama PDF inaonekana sawa kwenye simu lakini kwenye karatasi inatoka imeharibika, tatizo ni la printa au la jinsi ulivyoagiza uchapishaji, na fundi wa Corel hatakusaidia sana.

Ukishajua ni faili, kata nusu kwa nusu. Tuseme kijitabu kina kurasa 16. Kwenye nakala futa kurasa 8, ujaribu tena. Ikikubali, mkorofi yuko katika zile 8 ulizofuta. Ikikataa, yuko katika zilizobaki. Gawanya tena. Kwa majaribio manne tu umefika kwenye ukurasa wenyewe, halafu unafuta kitu kimoja kimoja mpaka umkamate. Mara moja nilimkamata akiwa ua. Pambo la maua lenye kivuli, limepakuliwa kutoka intaneti, limewekwa kwenye kona ya ukurasa wa shukrani. Nililiondoa, nikachora mstari wa kawaida, PDF ikatoka. Hakuna niliyempigia.

Kuna mambo matatu ya kujaribu ambayo hayachukui dakika kumi. Zima kompyuta uiwashe tena, usicheke, inasaidia. Angalia nafasi iliyobaki kwenye diski, maana Photoshop hutumia diski kama karatasi ya rafu, na diski ikijaa itakuambia kwamba scratch disks zimejaa na kazi itasimama hapo. Tatu, rudisha mipangilio ya programu ilivyokuwa siku ya kwanza. Kwa InDesign na Photoshop kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja mara tu unapoiwasha, kisha ukubali inapouliza. Kwa CorelDRAW, shikilia F8 inapofunguka. Ujue tu kwamba mpangilio wako wa vitufe na palette utapotea, basi kama umeupanga kwa miaka, hili liwe la mwisho.

Na kama stima ilipotea ukiwa hujahifadhi? CorelDRAW huacha nakala ya ulivyohifadhi awali, yenye jina linaloanza na Backup_of_, kwa kawaida kando ya faili yako. Wengi huiona kila siku na kuifuta wakidhani ni takataka. Ifungue. InDesign yenyewe hujaribu kurudisha kazi ukiiwasha tena. Ikirudisha, ihifadhi kwa jina jipya papo hapo.

Kusanya ushahidi

Fungua menyu ya Help, chagua About, uandike toleo lote, kwa mfano CorelDRAW 2018. "Corel ya kawaida" haimsaidii mtu. Ongeza Windows unayotumia na kumbukumbu ya mashine (RAM) ni giga ngapi.

Kisha nakili maneno ya kosa jinsi yalivyo, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake. Usiyafasiri, wala usiyafupishe. Watu hufunga kisanduku cha kosa upesi kama wanaofukuza nzi, halafu wakiulizwa kilisema nini wanabaki kukuna kichwa. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha Windows, Shift na S, uchague sehemu ya skrini, picha inanakiliwa tayari kubandikwa kwenye ujumbe. Tafadhali, achana na ile picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kutoka pembeni, taa ya dukani imeangukia palepale penye maneno. Na picha yoyote ambayo ubora wake ni muhimu, itume kwa WhatsApp kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa.

Mwisho eleza ulichokuwa ukifanya kabla tu ya kosa, na yote uliyokwisha kujaribu. Hapa ndipo wengi huficha. Kama uliweka fonti mpya asubuhi, sema. Kama mtoto wa jirani alicheza na laptopu, sema pia.

Mtu akinitumia ujumbe kama huu, namjibu hata nikiwa mezani nakula:

"Habari ya jioni mwalimu. Natumia CorelDRAW 2018, Windows 10, RAM giga 8. Ni kijitabu cha A5, kurasa 12. Nikitoa PDF inaganda ukurasa wa 7, haitoi kosa lolote. Ukurasa mtupu unatoa PDF vizuri. Nimefuta picha zote za ukurasa huo, bado. Nimebakisha maandishi tu, bado. Fonti ya kichwa niliipakua leo. Kazi inaenda kuchapwa kesho saa mbili asubuhi. Nakutumia ukurasa huo peke yake."

Soma tena uone: karibu jibu limo ndani. Fonti ya leo. Nitamwambia abadilishe fonti ya kichwa, aniambie. Asilimia kubwa ya kazi yangu ameshaifanya yeye.

Tuma faili itakayofunguka kwa mwenzako

Faili ya usanifu haibebi kila kitu ndani yake. InDesign kwa mfano huweka tu kiungo cha picha, yaani anwani ya picha ilipo kwenye kompyuta yako. Ukinitumia faili peke yake, nitaona picha zenye ukungu na maandishi yamepakwa rangi ya waridi kwa sababu fonti haipo kwangu. Nenda File, chagua Package. Itakutengenezea folda yenye faili, picha, fonti, pamoja na nakala ya IDML ambayo toleo la zamani linaweza kuifungua. Fonti za Adobe Fonts hazifungashwi humo, kwa hiyo zitaje majina. CorelDRAW na Scribus zina kitu cha namna hiyo kinachoitwa Collect for Output, nacho kiko kwenye menyu ya File.

CorelDRAW ina usumbufu wake: toleo la zamani halifungui faili ya toleo jipya. Ukiwa na 2021 na mwenzako ana X7, mulize kwanza, halafu unapohifadhi kwa Save As chagua toleo lake kwenye orodha ya matoleo. Scribus nayo ni vivyo hivyo, faili ya 1.5 haifunguki kwenye 1.4. Watu wengine hukwepa shida ya fonti kwa kugeuza maandishi yote kuwa michoro, Ctrl na Q kwenye Corel. Fanya hivyo kwenye nakala tu. Nimewahi kuletewa kijitabu kizima kilichogeuzwa, mwenyewe hana kingine, na jina la mjukuu limekosewa. Tuliandika upya.

Faili kubwa weka Google Drive utume kiungo. Bando likikataa, weka kwenye flashi umpe dereva wa matatu. Kutoka Maseno hadi mjini ni mwendo mfupi, na mimi bado nakubali kazi kwa njia hiyo.

Kumbuka pia faili ya mteja ina mambo ya watu: namba za simu za kamati, namba ya kupokelea mchango, picha za watoto. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria ni heshima. Ukimtumia mtu usiyemjua, toa kurasa hizo au ubadilishe namba. Tatizo litabaki lilelile, na msaidizi hatakosa chochote anachohitaji.

Wa kumuuliza kwanza ni mtu wa pleti

Vijana hukimbilia video za YouTube. Mimi huwaambia waanze na mtu wa pleti, yaani yule atakayeichapa kazi. Nenda kwake, au mpigie, kabla hujachora hata mstari mmoja. Anajua mashine yake inataka nini, na nusu ya yale yanayoitwa matatizo ya programu hufia mezani pake. Swali la bure la Jumatatu huokoa karatasi za Ijumaa.

Muulize anataka ziada kiasi gani ya kukatwa pembeni. Jibu la kawaida ni milimita 3 kila upande, na picha au rangi inayofika ukingoni lazima ivuke mpaka huko, la sivyo kisu kikiyumba kidogo utaona uzi mweupe. Muulize kama anataka kurasa moja moja au zilizounganishwa mbilimbili. Karibu wote watakuambia moja moja kwa mfuatano, watazipanga wenyewe.

Idadi ya kurasa ndiyo imeniumiza mimi. Kijitabu cha kukunjwa na kupigwa pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4: 8, 12, 16, 20. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, hakuna ujanja. Alhamisi moja familia iliniletea salamu za wakwe saa mbili usiku. Nilikuwa na kurasa 12, nikaongeza ya 13, nikatuma bila kufikiri. Karatasi ya mwisho ilitoka pekee yake, tukaibandika kwa gundi vijitabu 200 mpaka jogoo wakawika. Sasa nikiletewa nyongeza ya usiku nasogeza maandishi, napunguza picha, au naenda 16 na kujaza kurasa za nyimbo. Njia rahisi ya kukagua mpangilio: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha, hupata idadi ya kurasa zote na moja zaidi. Kwenye kijitabu cha 12, ukurasa wa 1 unakaa na wa 12, wa 2 na wa 11, jumla ni 13 kila mara.

Unachapa mwenyewe kwa printa ya dukani? PDF yako ya kurasa moja moja ifungue kwa Acrobat Reader, kwenye dirisha la kuchapa chagua Booklet, pande zote mbili, karatasi A4, na kwenye printa weka kugeuza kwa upande mfupi. Chapa nakala moja, ikunje, isome. Ukurasa wa nyuma ukiwa kichwa chini, umegeuza kwa upande mrefu.

Rangi: muulize kama anataka CMYK. Skrini hutumia mwanga wa rangi tatu (RGB), mashine ya kuchapa hutumia wino nne (CMYK). Bluu kali na kijani cha kung'aa unachokiona kwenye skrini kitatoka kimepoa, na hakuna fundi atakayekirekebisha. Jambo linalosahaulika zaidi ni weusi wa maandishi. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake, asilimia 100, bila rangi nyingine. Yale yaliyotoka Word au Publisher mara nyingi weusi wake umechanganywa na wino zote nne, na zikikosa kulingana kidogo tu kwenye ofseti, herufi zinakuwa na kivuli chekundu au cha bluu. Picha ziwe pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa zitakaochapwa. Bango kubwa la kutazamwa kutoka mbali huvumilia chini ya hapo. Picha ya marehemu iliyopitia vikundi vitatu vya WhatsApp haitafika. Omba ile ya kwanza, au omba ya karatasi uiskani.

Kabla ya kutuma, fungua PDF kwenye Acrobat Reader, bonyeza Ctrl na D, uangalie sehemu ya Fonts. Kila jina liwe na neno Embedded. Lisipokuwa nalo, fonti hiyo haimo ndani na mashine ya mwenzako itachagua nyingine inayoipenda yenyewe.

Kutafuta msaada mbali na nyumbani

Kama jirani na mtu wa pleti wameshindwa, tafuta intaneti. Bandika maneno ya kosa kwa Kiingereza ndani ya alama za kunukuu, ongeza jina la programu na toleo. Angalia tarehe ya jibu. Ushauri wa Photoshop ya 2009 unaweza kukupeleka kwenye menyu isiyokuwepo. Kwenye programu nyingi kitufe cha F1 hufungua maelezo ya programu yenyewe, na ni watu wachache sana wanaowahi kukibonyeza.

Adobe na Corel zina huduma kwa waliolipia. Hapa tuseme ukweli: mashine nyingi mjini zina Corel iliyovunjwa kufuli. Mwenye programu hiyo hana wa kumpigia, na zaidi ya hayo Corel ikigundua huizuia kuhifadhi, kutoa na kuchapa, inabaki ya kutazama tu. Nimeitwa mara kadhaa "kutengeneza" tatizo hilo. Si la kutengenezwa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta pia, kwa hiyo usinitumie faili ya kufungulia kufuli.

Inkscape kwa michoro, Scribus kwa kurasa, GIMP kwa picha, zote ni za bure na halali, na zina jamii za watumiaji wanaojibu maswali kwa kujitolea. Affinity, programu nyingine ya usanifu, nayo iligeuzwa kuwa ya bure na Canva Oktoba 2025. Unapoziuliza jamii hizo, andika kama ule ujumbe wa hapo juu, kwa Kiingereza kifupi, na usiandike "urgent" kwenye kichwa. Wengi wao wako Ulaya au Marekani. Usiku wa manane wetu, Ulaya nako ni usiku, na hawakuajiriwa na wewe. Ukipata dawa, rudi useme ilikuwa nini.

Wa Publisher nawaonya mapema. Microsoft ilitangaza kwamba msaada wake unakoma Oktoba 2026, na wanaoitumia kupitia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua faili zake kwa programu hiyo. Kama una vijitabu vya kanisa au vya chama vya miaka mingi kwenye faili za .pub, anza sasa: toa PDF ya kila kimoja, na yale maandishi utakayohitaji tena yanakili kwenye Word.

Mtu akitaka kuingia kwenye kompyuta yako kwa mbali, kupitia AnyDesk au programu kama hiyo, ruhusu tu yule uliyemtafuta wewe. Aliyekupigia yeye akidai ni fundi wa kampuni, kata simu. Kabla ya kumpa namba ya kuingilia, funga barua pepe na benki, kaa utazame anachofanya, ukimaliza funga programu hiyo.

Swali ambalo wa mbali hawezi kukujibu

Maandishi yetu ni ya Kiswahili, Kidholuo, Kiluhya. Programu inadhani ni Kiingereza. Inapiga mistari myekundu kila mahali, na hilo si neno. Tabu ni pale inapokata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. "Wanangu" inaweza kukatwa mahali ambapo hakuna mama angelikata. Kwenye InDesign chagua maandishi yote, nenda palipoandikwa lugha kwenye jopo la Character, weka No Language. Ukataji wa maneno utaacha. Mistari ikibaki na mapengo makubwa, panga kushoto tu badala ya kulinganisha pande zote, hasa kwenye safu nyembamba. Majina ya watu usiyaachie kisahihishi chochote. Mpe mmoja wa familia karatasi na kalamu, asome majina yote kwa sauti, atie sahihi chini.

Ukisaidiwa, lipa au ulize utalipa nini, hata kama ni rafiki. Muda wake wa Alhamisi una wateja wake. Na weka daftari kando ya kompyuta. Langu lina mistari kama hii: tarehe, "PDF inaganda ukurasa wa 7, fonti ya kichwa, nimeibadilisha." Wiki iliyopita kijana wa Luanda alinipigia tena na shida ileile. Nilimsomea mstari huo, akakata simu kabla sijamaliza.